Malisho ya Mikunde Kwenye Ardhi ya Maweni: Mwongozo Kamili kwa Mkulima Mfugaji wa Unguja na Pemba

Mfugaji wa Makunduchi, Muyuni, Kitogani au Micheweni hasumbuki na majani mwezi wa Mei. Shida humwanza Januari, kaskazi ikishakausha uwanda, na humrudia tena Agosti na Septemba wakati maji ya masika yameshakwisha ardhini na vuli bado haijafika. Majani huwa yapo, ila hayana kitu ndani yake. Nyasi changa za masika hufikisha protini asilimia 10 na kuzidi. Zikikomaa na kukauka hushuka mpaka asilimia 3 au 4. Vijidudu vilivyomo tumboni mwa ng'ombe na mbuzi, ambavyo ndivyo vinavyomeng'enya nyasi, vinahitaji chakula chenye protini ya kama asilimia 7 ili vifanye kazi yao. Chini ya hapo mnyama hupunguza kula ingawa majani yamemzunguka, maziwa hukatika, na mtamba aliyetarajiwa kushika mimba hashiki.

Majani ya mikunde, yaani ukoo wa kunde, mbaazi, choroko na miti kama glirisidia, huwa na protini asilimia 15 hadi 25, na mingi kati yake hubaki na jani bichi wakati nyasi zimeshakufa. Mizizi yake huenda chini zaidi, na hujitengenezea naitrojeni, yaani chakula cha mimea, kutoka hewani kwa msaada wa bakteria. Kwa hiyo mmea mmoja unalisha mnyama na kulisha muhogo utakaofuata.

Upande wa kusini wa Unguja ng'ombe waliwahi kuzuiwa na mbung'o kuliko kitu chengine. Mbung'o hao walitokomezwa, ikatangazwa rasmi mwaka 1997, baada ya madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi kuachiwa kwa wingi kutoka kwenye ndege. Pemba haikuwa na mbung'o tangu asili. Kwa hivyo kizuizi kikubwa kilichobaki kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, ni chakula cha kiangazi, na hicho kimo ndani ya uwezo wa mkulima mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu, na mwongozo wote umejengwa juu yake: usifyeke mwitu mpya kwa ajili ya malisho. Desturi ya maweni ni kulima miaka miwili mitatu, kisha kuliacha shamba lipumzike mpaka vichaka virudi. Shamba hilo linalopumzika, pamoja na mpaka wa shamba unalolima, ndiyo malisho yako. Kinachotakiwa ni kupumzisha kwa mikunde uliyoichagua wewe badala ya kuacha magugu yajichagulie.

Isome ardhi kabla ya kununua mbegu

Wazee wetu waliziainisha ardhi vizuri, na majina yao bado yanatosha. Kichanga ni udongo wa mchanga wenye kina, mara nyingi wenye uchachu kidogo. Kinongo ni udongo mwekundu uliokaa juu ya mawe. Kinamo ni udongo mzito unaoshika maji. Uwanda ni tambarare yenye udongo mchache juu ya jiwe. Maweni yenyewe ni matumbawe ya kale yenye mifuko ya udongo baina yake.

Chukua mtaimbo utembee nao shambani. Kila hatua kumi, uchome chini. Pahala unapoingia zaidi ya urefu wa kiganja hadi kiwiko, weka alama: hapo panafaa mti. Unapogonga jiwe baada ya kiasi cha kidole, hapo ni pa mimea ya kutambaa kama stailo. Huna haja ya mistari iliyonyooka. Kwenye maweni mstari hufuata udongo.

Kisha fanya jaribio la ndimu. Chukua udongo mkavu kiasi cha kijiko kutoka kina cha kiganja, uweke kwenye kisahani, ukamulie ndimu au siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa nyingi. Usipotoa kitu, huenda ni udongo wa kati au wenye uchachu. Jaribio hili halina gharama, na ndilo linaloamua mambo mawili makubwa: mmea gani upande, na mbolea gani ununue.

Juu ya mbolea, mikunde haina haja ya yurea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni. Ukiipa yurea nyingi huacha kujitengenezea naitrojeni yake. Inachohitaji sana ni fosforasi. Mbolea ya mawe ya Minjingu, inayochimbwa Manyara, hufanya kazi vizuri kwenye udongo wenye uchachu, kwa sababu uchachu ndio unaoiyeyusha. Kwenye udongo uliochemka kwa ndimu haitayeyuka kwa kasi ya kukusaidia. Hapo tumia TSP, mbolea ya fosforasi inayoyeyuka kwa urahisi, kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa kila shimo la mti, uchanganye na samadi iliyooza, karibu na mzizi lakini isigusane na mbegu. Majivu usiyatie kwenye udongo wa chokaa. Watu huyamwaga kwa nia njema, lakini yanaongeza kile ambacho kimeshazidi, na utaona majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo ni dalili ya mmea kukosa chuma kwa sababu ya chokaa. Dawa yake ni samadi.

Mimea ninayoipendekeza

Ipo mikunde mingi ya malisho inayosifiwa. Kwa maweni na uwanda ningeanza na michache inayojulikana kustahimili chokaa, udongo mchache na jua.

Glirisidia ni mti wa mpaka. Huota kwa kijiti au kwa mbegu, hustahimili kukatwa mara kwa mara, na hutoa kuni. Faida yake nyengine haisemwi sana: mbuzi asiyeizoea haipendi ikiwa mbichi. Katika mwaka wa kwanza, wakati mche ni mdogo na kamba za majirani ni ndefu, jambo hilo ni ulinzi.

Lukina ina lishe bora kuliko glirisidia, na inapenda udongo wa chokaa, kwani asili yake ni Meksiko na nchi jirani zenye mawe ya aina hiyo. Ila mbuzi huipenda mno. Ukiipanda ukingoni italiwa mpaka kisiki. Ipande ndani, nyuma ya ukuta wa glirisidia au ukuta wa mawe. Inashambuliwa na vidudu vidogo vinavyonyonya machipukizi, vilivyoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mti haufi, lakini unadumaa kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana usiitegemee peke yake. Na ina tabia ya kusambaa: mbegu zake zikidondoka hugeuka kichaka kisichotoka. Anayelima karibu na msitu wa Jozani, au karibu na mwitu wowote, aikate kabla maganda hayajakauka, kila mara.

Stailo ni mmea mdogo wa kufunika ardhi. Zipo aina kadhaa. Kwa udongo uliotoa povu tafuta ile yenye asili ya visiwa vya Karibiani inayoitwa hamata. Kwa kichanga chenye uchachu, kama sehemu nyingi za magharibi ya Pemba, ile inayoitwa gwianensi hufanya vizuri zaidi. Hamata huzaa mbegu nyingi na kujiotea yenyewe msimu unaofuata.

Siratro hutambaa na kupanda juu ya ukuta wa mawe. Ina mzizi mnene unaokwenda chini na kuiokoa wakati wa jua. Haipendi kukatwa chini sana wala kukanyagwa.

Fiwi, ambayo watu wa bara huiita ngwara, ni ya msimu mmoja, na ndiyo itakayokupa majani makavu ya kuweka. Kunde, choroko na mbaazi unazo tayari. Majani na mashina ya kunde baada ya kuvuna, yakianuliwa kabla hayajapukutika, ni chakula cha mnyama kinachoshinda nyasi yoyote kavu, na bado watu huyachoma moto shambani! Kabla ya kutafuta mbegu ngeni, anza kuokota hayo.

Kwa maeneo ya kinamo panapotuama maji sitoi ushauri mrefu. Panda majani ya tembo pembeni, na mikunde yako uiweke juu palipo pakavu.

Wakati wa kupanda

Miti ya vijiti huandaliwa Februari na mwanzoni mwa Machi, ipandwe mvua za mwanzo za masika zikishalowesha udongo. Miche ya mbegu huatikwa Januari ili iwe na miezi miwili hadi mitatu wakati wa kuhamishwa. Stailo na siratro husiwa Aprili hadi Mei, mvua ikiwa imetulia. Fiwi inaweza kupandwa mwishoni mwa masika, Mei, ikue kwa unyevu uliobaki, au mwanzoni mwa vuli.

Usisie mbegu za malisho kwa mvua moja ya Machi. Mbegu ndogo huota, jua la siku tano likapita, na hakuna kitakachobaki. Subiri mpaka ukichimba kwa kidole udongo uwe umelowa hadi kwenye kifundo cha pili.

Kuandaa mbegu

Mbegu nyingi za mikunde zina ganda gumu lisilopitisha maji. Bila kulivunja, mbegu kumi zinaweza kukupa miche miwili msimu huu na mingine mwakani.

Kwa lukina: chemsha maji, yatoe motoni, yaache kidogo yasiwe yanachemka tena. Weka mbegu kwenye ndoo, mwagia maji hayo kiasi cha mara tano ya mbegu, koroga kwa dakika tatu hadi nne. Mwaga, kisha loweka kwenye maji baridi usiku mmoja. Asubuhi zitazame: zilizovimba na kuwa laini ziko tayari. Zilizobaki ndogo na kung'aa zirudishie maji ya moto mara moja tu. Siratro nayo ina ganda gumu, lakini kwa wingi mdogo ni salama zaidi kuisugua.

Stailo uisugue kwa mchanga mkavu wa pwani baina ya viganja, au ndani ya kitambaa kigumu, mpaka mng'aro upotee. Mchanga huo huo utakusaidia kuisia sawasawa, kwani mbegu ni ndogo mno kushikika.

Glirisidia usiitie maji ya moto. Ganda lake ni laini na utaipika. Maji baridi ya usiku mmoja yanatosha. Fiwi, kunde na mbaazi hupandwa kavu.

Lililobaki ni bakteria wa mizizini. Kunde, siratro, fiwi na glirisidia hupatana na bakteria wengi waliomo kwenye udongo wetu. Lukina ni mteuzi zaidi. Kama haijawahi kupandwa eneo lako, tafuta mti wa lukina wenye afya popote, chimba udongo wa chini yake kwenye mizizi midogo, uuweke kivulini, na utie konzi moja kwenye kila mfuko wa kuatikia. Usiuanike juani, maana jua huwaua bakteria.

Ukuta hai wa glirisidia

Kuna njia mbili, na kwenye maweni tofauti yake ni kubwa. Kijiti hukupa mti haraka, lakini mizizi yake hutawanyika juu juu. Mti wa mbegu huchelewa, lakini hushusha mzizi mkuu unaoingia kwenye nyufa za mawe kutafuta maji, kama mtu anayepapasa gizani. Pahala penye udongo wa kutosha tumia vijiti. Palipo na mawe na nyufa tumia miche ya mbegu, na ukubali kungoja.

Vijiti: chagua tawi lililokomaa, lenye umri wa miezi sita au zaidi, gome lake limeshageuka kijivu, unene wa kidole gumba cha mguu au kuzidi. Kata urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Ncha ya chini ikate mshazari, ya juu pia ili maji ya mvua yasitue. Viweke kivulini siku mbili tatu. Toboa shimo kwa mtaimbo kina cha sentimita 30, tia kijiti bila kukipigilia kwa nguvu, kwani gome likichunika chini mizizi haitoki. Shindilia udongo kwa kisigino.

Weka mti mmoja kila nusu mita panapowezekana. Kwenye jiwe ruka, endelea mbele.

Hesabu yake ni hii. Shamba la eka moja lenye umbo la mraba lina mzingo wa kama mita 254, yaani takriban miti 500. Tuchukulie kwa udongo wetu kila mti unatoa kilo moja ya jani bichi kwa mkato mmoja, na unakata kila baada ya wiki kumi. Mbuzi mmoja ukimpa kilo moja kwa siku kama nyongeza juu ya nyasi zake anahitaji miti 70. Ng'ombe wa maziwa ukimpa kilo tano anahitaji miti 350. Mpaka wa eka moja, basi, unaweza kumsaidia ng'ombe mmoja na mbuzi wawili bila kukunyang'anya hata tuta moja la muhogo. Kiangazi jani hukua polepole, kwa hiyo hesabu hii ipunguze kwa miezi hiyo, au ongeza mstari wa pili wa lukina ndani.

Stailo ndani ya muhogo

Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inaligeuza shamba kutoka chakula hadi malisho bila jembe la ziada.

Panda muhogo wako kama kawaida masika yanapoanza. Palilia mara mbili. Muhogo ukiwa na miezi miwili hivi, umeshaota vizuri lakini mvua bado ipo, sia stailo baina ya mistari. Kilo moja hadi mbili za mbegu zinatosha eka. Changanya na mchanga na TSP kidogo, mwaga kwa mkono, kisha buruta tawi lenye majani juu yake. Isifukiwe zaidi ya sentimita moja. Ikizama haitoki.

Miezi mitatu ya mwanzo utadhani umepoteza mbegu. Stailo hukua taratibu, inajenga mizizi kwanza. Ng'oa magugu marefu kwa mkono, usitumie jembe tena. Muhogo unapoanza kupukutisha majani na mwanga kufika chini, ndipo inapochangamka. Ukivuna muhogo mwaka unaofuata, kung'oa kwenyewe kunatifua udongo na kuzika mbegu zilizodondoka, na shamba linafunikwa lenyewe.

Kwa anayelima mtama au mahindi, fiwi ndiyo mwenzake: panda fiwi baina ya mistari wiki tatu hadi nne baada ya nafaka kuota. Ukizipanda siku moja, fiwi itaikaba.

Chunguza vinundu

Wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuota, chimba mmea mmoja wa kila aina. Chimba, usivute, maana ukivuta vinundu hubaki ardhini. Tikisa udongo, osha mizizi kwenye ndoo. Utaona vifundo vidogo vya duara. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu kama nyama mbichi, kazi inakwenda. Kikiwa cheupe au kijani, bakteria wapo lakini hawatengenezi naitrojeni. Kama hakuna vinundu kabisa na majani ya chini yamepauka, rudi kwenye hatua ya udongo wenye bakteria: uchanganye na maji, mwagia mizizini jioni. Mara nyingi fosforasi ikikosekana vinundu huwa vidogo na vyeupe, basi angalia hilo pia.

Mwaka wa kwanza ni wa ulinzi

Mikunde mingi ya malisho hupotea hapa, na ukame hauhusiki. Mbuzi waliofunguliwa baada ya mavuno, ng'ombe aliyekata kamba, moto wa jirani anayesafisha shamba, na konokono wakubwa wanaokata miche usiku.

Zungumza na majirani kabla ya kupanda. Waambie mpaka gani una miche, na mpaka lini. Pakiwa na desturi ya kufungulia mifugo baada ya mavuno, pelekeni suala kwa sheha mkiwa pamoja, kabla ya kufika siku ya kugombana. Makubaliano ya shehia kuhusu miezi ya kufungulia yanashinda ukuta wowote. Mpe jirani vijiti vya bure. Mwenye glirisidia yake mwenyewe haachi mbuzi wake wale ya mwenzake.

Kwa moto, fyeka njia ya upana wa mita mbili kuzunguka stailo kabla ya Januari. Kwa konokono, waokote asubuhi na mapema chini ya mawe na makuti yaliyolala. Wanapenda pahala pa kivuli karibu na kitalu, basi paweke safi.

Mwaka huu wa kwanza usikate miti wala usifunge mnyama juu ya stailo. Ni vigumu, najua, hasa mnyama akilia na jani lipo mbele yako. Lakini mti uliokatwa na miezi minne hautakupa mavuno ya miaka kumi.

Kukata

Mkato wa kwanza wa glirisidia na lukina ni baada ya mwaka, shina likiwa nene. Kata kwa panga kali kwa mshazari, kimo cha mita moja kutoka chini, isipungue nusu mita. Panga butu hupasua shina na kuingiza uozo.

Gawa ukuta mafungu matatu, ukate moja moja. Wakati wa mvua zungusha kila wiki nane hadi kumi na mbili. Kwa kiangazi kuna ujanja unaofaa kujulikana na kila mwenye glirisidia: ukiiacha bila kukata, hutoa maua na kupukutisha majani yote Januari hadi Machi, wakati ule ule unaoihitaji. Ukiikata wakati wa vuli, fungu la kwanza mwanzoni mwa Novemba, la pili mwishoni, la tatu katikati ya Disemba, machipukizi mapya hubaki na jani kaskazi nzima.

Siratro ikate ukibakisha kiganja kimoja na nusu kutoka ardhini. Stailo ikate ikianza kutoa maua, ukibakisha sentimita 10 hadi 15, na kila mwaka acha sehemu izae mbegu. Ukiona madoa meusi kwenye mashina ya stailo, hilo ni chule, ugonjwa wa ukungu. Kata, toa nje, na mwakani changanya aina mbili za stailo ili ugonjwa usipate shamba zima.

Mbaazi zikishavunwa, zikatwe kwa kimo cha kiuno. Ukikata chini zinakufa.

Mimi nashauri kukata na kupeleka bandani kuliko kumfunga mnyama shambani. Majani machache hukanyagwa, mavi yote unayapata pahala pamoja kwa ajili ya muhogo, na mnyama hukutana na kupe wachache. Ugonjwa wa ndigana kali hubebwa na kupe, na ng'ombe wa maziwa wa damu ya kigeni hauvumilii.

Kulisha

Glirisidia haipewi mbichi mara ya kwanza. Kata jioni, itandaze kivulini mpaka asubuhi inyauke. Harufu inayowakimbiza hupungua. Inyunyizie maji ya chumvi au changanya na pumba za mahindi. Mpe mnyama asubuhi kabla hajala kitu chengine, na ikibidi changanya wasioizoea na mmoja anayeila. Baada ya siku chache atakuwa anaidai mwenyewe. Ng'ombe wa maziwa mpe baada ya kukama, kwani inaweza kuacha harufu kwenye maziwa.

Mikunde ya miti isizidi theluthi moja ya chakula chote cha siku. Kwa lukina hilo ni sharti. Ina sumu iitwayo mimosini, na mnyama akiizidisha kwa wiki nyingi hunyonyoka manyoya, hudondosha ute, huvimba shingo na kukonda. Ukiona dalili hizo acha lukina mara moja, mpe nyasi na mikunde mengine.

Punda asipewe kabisa lukina wala glirisidia. Yeye hacheui, tumbo lake haliwezi kuvunja sumu zilizomo, na kwenye lukina hupoteza manyoya ya shingo na mkia. Sungura na kuku nao usiwape glirisidia.

Fiwi mbichi ikiwa peke yake, hasa yenye umande, inaweza kumvimbisha ng'ombe tumbo kwa gesi. Inyaushe, na umpe nyasi kavu kwanza. Na maji yawepo muda wote. Kwenye maweni hakuna mito, maji ni ya kisima, pango au bomba, basi hesabu ya kuongeza mifugo ianze na ndoo za maji kabla ya majani.

Kuweka akiba

Hewa yetu ina unyevu, kwa hiyo kukausha kunataka hadhari. Miezi mizuri ni Januari na Februari, na Julai hadi Agosti. Fiwi ikate ikianza maua, iache juani nusu siku tu, kisha iweke kwenye uchaga chini ya paa la makuti ambapo upepo unapita. Ukiikausha juani mpaka mwisho, majani hupukutika na utabakiwa na vijiti, na protini imo kwenye jani. Pinda shina: likikatika kwa mlio, iko tayari. Likikunjika, bado. Yenye ukungu usimpe mnyama mwenye mimba.

Matawi ya lukina na glirisidia yatandazwe juu ya turubali siku mbili, yapigwe kwa fimbo, majani makavu yazolewe na kutiwa kwenye magunia. Gunia lisiguse sakafu. Kibaba cha majani hayo kwa mbuzi kila siku ya Februari, juu ya nyasi kavu, kinatosha kumfanya ale nyasi hizo kwa hamu.

Kulirudisha shamba kwenye muhogo

Stailo ikikaa miaka miwili hadi mitatu, shamba liko tayari. Kabla ya masika ikate yote, majani yabaki juu ya ardhi, usichome. Moto utarudisha hewani naitrojeni uliyoingoja miaka mitatu. Toboa mashimo ya muhogo ndani ya matandazo hayo. Msimu wa kwanza baada ya stailo ni bora kupanda kitu kinachopenda naitrojeni, mahindi au mtama, kisha muhogo. Choroko na kunde zisifuate mara moja. Mikunde juu ya mikunde huongeza magonjwa na haifaidiki na kilichowekwa.

Mbegu jikusanyie mwenyewe, kwa sababu dukani hazipatikani kila mwaka na zikipatikana huwa ghali. Stailo hudondosha mbegu chini: ikikauka, ikate taratibu, fagia ardhi kwa ufagio wa chelewa, kisha pepeta kwenye ungo. Maganda ya glirisidia yachume yakianza kugeuka kahawia kabla hayajapasuka, yaweke ndani ya gunia lililofungwa, juani, yapasukie humo. Siratro chuma ganda moja moja, kila baada ya siku mbili tatu, maana hukomaa kwa nyakati tofauti. Kausha kivulini, tia kwenye chupa kavu pamoja na majivu makavu kidogo, funga, andika jina na mwezi.